Kulinda Giza la Forodhani

Jua linapozama kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, vijana wanakuwa bado wanajirusha baharini kutoka ukutani, na nyuma yao wauza chakula wanapanga meza, wanakoka makaa na kuwasha taa moja moja. Ikifika saa moja usiku bustani nzima ni taa: balbu tupu zinazoning'inia kwenye waya juu ya pweza na mishikaki, mirija myeupe ya LED iliyofungwa kwenye mashine za miwa, taa za barabarani, taa za boti zilizotia nanga, taa za simu za wageni. Jicho la mtu hupita katikati ya hizo zote bila kusumbuka. Kamera haina bahati hiyo. Kila taa inayoingia kwenye lenzi inaweza kujitokeza tena mahali pasipo pake: doa la kijani angani, duara la zambarau kwenye kifua cha mpishi, au ukungu mweupe unaotanda juu ya picha yote hadi weusi wa bahari ukageuka kijivu.

Mwanamke niliyekwenda kumtazama kazini ni mtu wa makamo anayefundisha vijana upigaji picha, na wauzaji wa hapa wanamwita Mwalimu. Amebobea katika picha za usiku. Madoa yale hayaiti kwa jina la kitaalamu. Anayaita taa za uongo, na hana huruma nayo hata kidogo. Najua wapo watengenezaji filamu wanaoupenda mng'ao wa namna hiyo na kuutafuta kwa makusudi, nami sina ugomvi nao. Lakini Forodhani ni mahali pa taa, na mtu anayetaka kuonyesha taa za mahali fulani ana wajibu wa kutoongeza hata moja ambayo haikuwapo. "Taa kila mtu anaipata," Mwalimu huwaambia wanafunzi wake. "Giza ndilo la kulifanyia kazi."

Kazi yenyewe huanza kabla ya magharibi, na huanza na begi. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kukutana ghafla na hewa nzito ya pwani, kioo baridi hushika unyevu, na unyevu huo, hata ukiwa mwepesi kiasi cha kutoonekana, hutawanya mwanga wa kila taa. Basi Mwalimu hufika mapema, huweka begi kivulini, hulifungua zipu kidogo, kisha huagiza chai ya tangawizi. Kamera haiguswi mpaka chai iishe. Anangoja kioo kipate joto la Unguja taratibu. Wanafunzi wake wapya huona huku ni kupoteza muda, kwa kuwa jua linashuka na rangi za angani ziko tayari. Yeye anakunywa.

Kikombe kikishawekwa chini, anaitoa lenzi, anaishika mdomo ukiwa umeinamia upande, kisha anawasha tochi ya simu na kuumulika uso wa kioo kutoka ubavuni. Mwanga wa pembeni hauna siri. Kioo kilichoonekana safi chini ya jua sasa kinaonyesha vumbi, unyuzi mmoja wa kitambaa, alama hafifu ya kidole, na punje za chumvi. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa ukanda huu. Upepo wa bahari huibeba na kuiacha juu ya kila kitu, na punje kavu ikisuguliwa kwa kitambaa inakwaruza. Kwa hiyo mkono wa Mwalimu hauharakishi kufika kwenye kitambaa. Kwanza ni pampu ndogo ya mpira, anaiminya mara kadhaa huku kioo kikitazama chini ili kinachotoka kianguke. Halafu brashi yenye nywele laini, inayopita bila kukandamiza. Halafu tone la maji ya kusafishia lenzi, analolitia kwenye kitambaa wala si kwenye kioo, kwani likidondoka kwenye kioo linaweza kupenya ukingoni na kuingia ndani. Ndipo anapofuta, kutoka katikati kwenda nje, kwa miduara midogo, kidole kikiwa hakina uzito. Tochi inarudi tena ubavuni. Unyuzi bado upo, pampu inarudi. Kijana mmoja aliwahi kunyanyua ncha ya nguo yake afute lenzi ya darasa, na Mwalimu akamzuia mkono katikati ya safari kwa upole ambao nadhani yule kijana hatausahau.

Baada ya usafi anafungua filta. Wapiga picha wengi huvisha lenzi kioo bapa cha UV ili kuikinga na mikwaruzo, na mchana hakina madhara makubwa. Usiku kioo hicho ndicho chanzo cha taa za uongo zilizo wazi kuliko zote, na sababu yake inafaa kueleweka. Taa inapopita kwenye lenzi na kutua juu ya sensa, sehemu ndogo ya mwanga huo huakisiwa na uso wa sensa, ambao nao una vioo vyake. Inarudi kupitia lenzi ileile, inafika mbele, inakuta kile kioo bapa, inaakisiwa mara ya pili na kurejea kwenye sensa. Kwa kuwa imepita njia ileile ya kujenga taswira, hutua ikiwa na ukali wa umbo unaokaribia ule wa taa yenyewe, ila imepinduka: taa iliyoko juu kushoto hutokea chini kulia, kwa umbali uleule kutoka katikati ya picha. Ukiwa na safu ya taa za barabarani juu ya picha, utapata safu ya pili chini, miguu juu, ikielea majini. Mtu anaweza kuhangaika usiku kucha kubadilisha vipimo vya kamera, na dawa ni kukizungusha kioo kile kikatoka. Mwalimu hukitia kwenye kibweta chake na kukifunga.

Ndani ya begi mna lenzi mbili. Moja ni ya zumu, inayovuta mbali na karibu, nzito, ya bei. Nyingine ni ya milimita 50, fupi, isiyovuta chochote. Usiku anachukua fupi, na hapa ubora hauna uhusiano na bei. Kila mahali ambapo hewa inakutana na kioo kitupu, karibu asilimia 4 ya mwanga huakisiwa. Lenzi ya zumu inaweza kuwa na nyuso 30 za namna hiyo. Ingekuwa vioo vyake ni vitupu, chini ya theluthi moja tu ya mwanga ingefika kwenye sensa moja kwa moja. Uliobaki ungerudi nje au kurandaranda ndani ya lenzi. Lililo baya zaidi ni kwamba doa la uongo huzaliwa na jozi ya nyuso, moja ikiurudisha mwanga nyuma na nyingine ikiurudisha mbele tena. Nyuso 10 zina jozi 45. Nyuso 30 zina jozi 435. Mwalimu huandika hesabu hii ubaoni siku ya kwanza ya darasa, kisha haisemi tena.

Kinachofanya lenzi za leo ziweze hata kutazama taa ni utando. Ukiigeuzageuza lenzi yake chini ya balbu utaona viakisi vya taa vikipita ndani yake kwa rangi: kijani, zambarau, kidogo kaharabu. Rangi hizo ni alama ya tabaka jembamba sana la madini, mara nyingi floridi ya magnesi, lililopakwa juu ya kioo kwa unene wa robo ya wimbi la mwanga, ili mwanga unaoakisiwa na uso wa juu wa utando na ule unaoakisiwa na uso wa chini ukutane na kuuana. Habari hii ilianzia kwenye lenzi kuukuu. Katika miaka ya 1890 huko York, Uingereza, Dennis Taylor aligundua kwamba lenzi zilizozeeka na kufifia uso, ambazo wenyewe walizidharau, zilikuwa zinapitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mwaka 1935 Olexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi Zeiss huko Jena, Ujerumani, akapata njia ya kuupaka utando huo kwa makusudi ndani ya chombo kisicho na hewa, na kwa miaka kadhaa njia hiyo ikafichwa kama siri ya kijeshi. Siku hizi matabaka huwa mengi, na akisi ya kila uso inaweza kushuka chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa jozi ya nyuso, hiyo ni sehemu 1 kwa 40,000 badala ya 1 kwa 625.

Unguja ilikuwa na wapiga picha kabla ya utando huo kuwapo. Gomes alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, miaka mitano kabla ya Smakula. Walianza na vioo vitupu. Nikiziangalia picha za mji huu za zama zile, nyingi zikiwa na mwanga unaotoka nyuma ya mpigaji au ubavuni kwake, huwa nawaza juu ya nidhamu iliyokuwa inatakiwa: mtu alilazimika kujua pa kusimama, kwa kuwa kioo hakikumsamehe. Nidhamu hiyo ndiyo Mwalimu anayoitumia bado, ingawa kioo chake kinasamehe zaidi.

Adhana ya Magharibi inapotoka, stendi ya miguu mitatu imeshasimama karibu na ukuta wa bahari, ikiitazama bustani, Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Mwalimu anakwenda kuswali na kumwachia mzee wa miwa aiangalie. Akirudi anakuwa na dakika kama kumi na tano, maana huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima na giza haliji kwa kubisha hodi. Dakika hizo anazitaka kwa sababu mahususi. Doa la uongo ni mwanga kidogo ulioongezwa mahali fulani. Juu ya anga jeusi unaonekana wote, juu ya anga ambalo bado lina buluu yake unamezwa. Taa zimeshawaka, anga halijafa. Picha yake pana ya Forodhani ni lazima ipigwe katika mlango huo mwembamba, na ndiyo maana kila kitu kingine kilifanywa mapema.

Anatazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera, lakini hatazami mandhari. Anatazama pembe za picha. Taa iliyo nje ya picha, ambayo haitaonekana kabisa, inaweza bado kuupiga uso wa lenzi kwa mshazari na kuleta ukungu. Hapo ndipo kikinga mwanga kinapofanya kazi, ile pete ndefu ya plastiki nyeusi inayovishwa mdomoni mwa lenzi, ambayo wengi huibeba imegeuzwa kinyume muda wote kana kwamba ni pambo. Anaivisha, kisha anatoka nyuma ya kamera, anakwenda mbele yake na kuinama. Anaangalia lenzi ana kwa ana. Kama kuna taa inayong'aa juu ya uso wa kioo, kikinga hakikutosha. Jioni niliyokuwapo ilikuwapo moja: taa ya barabarani upande wa kulia, juu. Alinyoosha mkono pembeni mwa lenzi, akausogeza taratibu mpaka kivuli cha kiganja kikaangukia kioo chote, akauacha hapo. Mkono wa buibui ukajikunjua chini ya kiganja na kuongeza upana wa kivuli. Buibui jeusi ni vazi la kheri kwa kazi hii: halirudishi mwanga, na linakwenda popote mkono unapokwenda. Wapiga picha wengine hununua vitambaa vyeusi vya kufanyia jambo hilohilo.

Mkono wa pili ulikuwa na rimoti. Lakini bado hakubonyeza. Palikuwa na suala la tundu la lenzi, lile linalofunguka na kufungwa kwa vipande vya chuma ndani. Likiwa wazi sana, madoa ya uongo huwa makubwa na hafifu. Likifungwa huwa madogo, makali, na huchukua umbo la tundu lenyewe, pembe zake zikihesabika. Likifungwa pia, kila balbu hutoa miali kama nyota. Lenzi yake ina vipande tisa, na vipande vya idadi witiri hutoa miali maradufu, kumi na minane. Vingekuwa vinane ingetoka minane tu. Wapo wanaofunga tundu mpaka mwisho wakifukuzia nyota hizo, na picha yote inapoteza ukali kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hujitawanya wenyewe. Yeye huishia f/11. Miali ikitoka mifupi, anasema, hiyo ndiyo haki yake.

Kisha anafungua shata na kuiacha wazi. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo mpita njia hataona chochote. Kamera imewekwa katika hali ambayo shata hubaki wazi mpaka mpigaji aifunge mwenyewe, na Mwalimu anataka sekunde ishirini za mwanga. Katika mkono wa kushoto, uleule wenye rimoti, ana pia kipande cha kadi nyeusi, ukubwa wa bahasha, kilichofifishwa uso kwa karatasi ya msasa ili kisiakisi. Anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, nne. Pikipiki inakata kona na taa yake kubwa inageuka moja kwa moja kuelekea kwetu. Kabla boriti ya taa haijafika kwenye lenzi, kadi imeshapanda na kusimama mbele ya kioo, karibu kabisa, bila kukigusa wala kuigusa stendi. Hesabu imesimama. Kamera bado iko wazi lakini haioni kitu. Kwake dunia ina kiza. Pikipiki inapita, mwendeshaji anapunga, kadi inashuka. Tano, sita, saba. Kikundi cha wageni kinapita kikiwa kimewasha tochi za simu. Kadi inapanda, inakaa, inashuka. Nane.

Sekunde zilizofunikwa hazimo katika hesabu, kwa hiyo picha ya sekunde ishirini inaweza kuchukua dakika nzima au mbili. Lazima kadi isogee kila wakati, hata ikiwa juu, kidogo tu, ili ukingo wake usiache mstari. Lazima ishushwe kwa kasi ileile iliyopandishwa nayo. Na lazima mtu awe anaitazama barabara, si kamera, kwa kuwa taa ikishaingia ndani ya lenzi imeingia. Mara ya kwanza pikipiki ya pili ilikuja nyuma ya ya kwanza, taa yake ikachungulia kabla kadi haijarudi. Mwalimu akafunga shata, akaifuta picha, akaanza upya: moja, mbili. Anga lilikuwa limebakiwa na buluu ya dakika chache. Hakuonyesha kwamba anajua, ingawa alijua kuliko sisi sote.

Picha ile ilipotoka, niliomba kuiona. Ngome Kongwe imesimama na kuta zake, taa chini yake zina miali mifupi, na juu ya paa hakuna doa hata moja. Kando yake ni Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, la kwanza Unguja kuwekewa taa za umeme, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwalimu alikuza picha mpaka kwenye ukuta wa jengo hilo na kuukagua kwa muda mrefu. Kwenye ukuta kama ule, alisema, doa la uongo likiachwa, mtu atakayeitazama picha baada ya miaka hamsini atadhani palikuwa na taa.

Usiku ukiwa umeshaingia kamili anahamia mezani. Mpishi wa mishikaki ni kijana aliyevaa mavazi meupe na ile kofia ndefu nyeupe ya wapishi wa hapa, na juu ya meza yake kuna balbu saba kwenye waya mmoja.

"Shikamoo Mwalimu. Leo zamu yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi yako, usinitazame."

Hapa taa ziko ndani ya picha, na kikinga hakifai kitu, wala buibui. Mtu mwingine angeomba balbu mbili zizimwe. Mwalimu haombi. Taa ndiyo inayomletea kijana yule wateja, na pia, meza isiyo na taa zake si meza ya Forodhani. Kwa hiyo balbu saba zinabaki saba, na anayetakiwa kuhama ni yeye.

Anaanza kwa kuuliza mwanga unatoka wapi. Juu ya makaa kuna moshi, na moshi ukimulikwa nao hung'aa, kwa hiyo si kila weupe uliopo kwenye picha ni kosa la lenzi. Anaunyoosha mkono wote mbele ya kamera, anaifunika balbu moja kwa kidole gumba, akiangalia kwenye kioo cha kamera. Weupe juu ya makaa umebaki: ule ni moshi, ni mali ya mahali, hauguswi. Lakini doa la kijani lililokuwa kwenye paja la mteja aliyekaa upande wa pili limetoweka. Anatoa kidole, linarudi. Anafunika balbu ya pili. Doa jingine linakufa. Kwa dakika chache anakwenda hivyo, balbu kwa balbu, hadi anajua kila doa ni mtoto wa nani. Sijaona mtu akichunguza kitu kwa adabu namna ile.

Akishajua, anahama. Nilitarajia hatua. Zilikuwa inchi. Stendi inasogea kushoto upana wa kiganja, na balbu ya tatu inaingia nyuma ya mti ulioshika waya. Mwanga wake bado unaangukia nyama na mikono, ila chenyewe kile kiini kikali hakionekani tena na lenzi, na doa lake limekwenda nacho. Kamera inainuliwa kidole kimoja, na mstari wa balbu unasogea karibu na katikati ya picha. Taa iliyo katikati kabisa huwa na doa lake juu yake yenyewe, limefunikwa. Kadiri inavyokwenda pembeni ndivyo doa linavyokimbilia pembe ya pili. Kwa hiyo kila anapoinua au kuteremsha, madoa yaliyobaki yanatembea kinyume, na yeye anayafuata kwa jicho. Balbu ya mwisho, iliyo pembeni kabisa juu kulia, haikuwa na mti wa kujificha. Doa lake lilitembea kutoka kwenye giza chini ya meza, likapanda kwenye ukingo wa sahani, likavuka, likafika kwenye aproni nyeupe ya mpishi aliyesimama kushoto. Mwalimu akaacha kusogeza. Mwanga hafifu juu ya kitu cheupe kilichomulikwa sawasawa hauna pa kuonekana.

Akakaza skrubu za stendi, zote tatu, moja baada ya nyingine.

Kwa picha hii tundu lilikuwa wazi zaidi, f/2.8, na shata ya haraka, sehemu 1 ya 60 ya sekunde, kwa kuwa mpishi ana mikono isiyotulia. Akapiga nyingi. Alipopata ile aliyoitaka, kijana akiwa amegeuza mishikaki yote kwa mpigo mmoja na cheche zimeruka, hakufunga. Alipiga moja zaidi, stendi ikiwa haijasogea, safari hii gumba likiwa limefunika balbu ya nne, kwa sababu ilikuwa na kidoa kimoja kidogo alichoshindwa kukiondoa bila kuliharibu jambo jingine. Kazi ya picha hiyo ya pili ni kutoa kiraka: kwenye kompyuta anazilaza picha mbili moja juu ya nyingine, na kutoka ile yenye gumba anachukua kipande kidogo tu kisicho na doa. Kwa kuwa doa hukaa upande wa pili wa katikati, gumba haliwezi kukifunika kipande anachokitaka. Kijana mmoja darasani aliuliza kwa nini asifute tu kwa programu, zipo za kufuta lolote. Mwalimu akamjibu kwamba programu itabuni kilichokuwa chini ya doa, na yeye hana haja ya kubuniwa, kilichokuwapo anacho.

Wiki iliyofuata alimletea mpishi nakala iliyochapishwa. Kijana alifuta mikono, akaishika pembeni, akaitazama chini ya taa zilezile. Akahesabu kwa kidole bila kugusa karatasi. Sita zinaonekana, na moja iko nyuma ya mti. Kisha akatoa simu yake na kuonyesha picha aliyoipiga mwenyewe kutoka mahali palepale, yenye vidoti vya kijani vimetapakaa gizani, akauliza vya kwake Mwalimu alivipeleka wapi.

"Vingine vilikwisha. Kimoja kipo, mwanangu. Umekivaa."

Kijana akaitafuta aproni kwenye picha na hakuona kitu. Mwalimu akaichukua ile simu, akaigeuza, akaimulika lenzi yake ndogo kutoka ubavuni. Ilikuwa na mafuta ya mishikaki. Akatoa kitambaa begini, akafuta kutoka katikati kwenda nje, akamrudishia, akamwambia apige tena, na kwamba kabla hajaitafuta picha aanze kutafuta kila balbu imetupa wapi doa lake.